Kutengeneza kitabu cha mdahalo kuhusu balehe kwa wanachuo wa fani tofauti: mwongozo kamili

Chukua hali hii. Binti wa miaka 15 kafika zahanati peke yake, anataka kuongea na nesi na hataki mamake ajue. Mwanafunzi wa uuguzi atawaza usiri wa mgonjwa, wa sheria atauliza nani ana mamlaka ya kuridhia, wa ualimu anawaza huyu kesho atakaaje darasani, wa ustawi wa jamii anataka kujua nyumbani kuna nini. Wote wanne wamesoma balehe chuo, kila mtu na notsi za kitivo chake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumsikia mwenzake anavyoliona jambo lilelile. Alafu miaka miwili baadae wanaajiriwa wilaya moja, wanakutana juu ya mtoto mmoja, wanaanza kusukumana.

Hapo ndo kitabu cha mdahalo kinapohitajika. Nikisema kitabu cha mdahalo namaanisha hivi: kila sura ni swali moja, waandishi wawili wanalijibu tofauti, kila mmoja anapata nafasi ya kumjibu mwenzake, ushahidi unawekwa pembeni peke yake, na mwanafunzi ndo anabaki na kazi ya kuamua. Nimehariri maandiko ya namna hii kwa ajili ya kozi ambayo darasa lake lilikuwa na fani tano, na ninachoandika hapa ni njia yote, kuanzia swali mpaka kiwanda cha uchapaji, pamoja na sehemu tulizokwama.

Hatua ya 1: Swali. Kaa hapa muda mrefu kuliko unavyodhani

Wote tumepita kwenye dibeti za shule. "Mjini ni bora kuliko kijijini", "mwalimu ni bora kuliko daktari", unapanda mbele, waheshimiwa majaji, mtunza muda, tunapiga makofi, na jioni hakuna mtu aliyebadilisha chochote maishani mwake kwasababu mada yenyewe haikuwa na kitu cha kuamua. Hatari ya kitabu chetu ni hiyohiyo. Swali likiwa bovu hata uite maprofesa wawili wakubwa sura itakufa.

Mi napima swali kwa vitu vitatu. Kwanza, je, watu wawili waungwana, wenye taarifa zilezile, wanaweza kweli kutofautiana hapa? Pili, jibu lako litabadilisha kitu utakachofanya Jumatatu kazini? Tatu, kuna angalau fani mbili zenye la kusema? Likianguka moja, litupe au lichonge upya.

Mfano wa swali lililotufia: "Je, ndoa za utotoni zina madhara?" Mwandishi wa kusema hazina hapatikani, na akipatikana hutaki kumpa kurasa nne. Hili nalisema kwa uzito kabisa, kuna mambo yameshaamuliwa, na ukiyaweka mezani kama mdahalo unamdanganya mwanafunzi kwamba pande zote zina uzito sawa. Mahakama Kuu ya Tanzania ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vile vinavyoruhusu binti aolewe kabla ya miaka 18, vinakiuka Katiba, serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufaa ikaukazia uamuzi huo 2019. Kwahiyo acha swali la madhara. Swali lililo hai ni la mbele yake: nguvu zetu ziende kwenye kumwadhibu mzazi au kwenye kuhakikisha binti anabaki shule, na ukimfunga baba, wale watoto wengine watano nyumbani wanakula nini? Hapo utaona wa sheria na wa ustawi wa jamii wanaanza kupishana, na wote wanampenda yule binti.

Jambo jingine, tenganisha aina za maswali. Kuna swali la ukweli (simu zinapunguza usingizi wa mwanafunzi?), kuna swali la maana (mtoto anakuwa mtu mzima lini?), na kuna swali la hatua (tumruhusu kuja na simu shuleni?). Midahalo mingi inaharibika kwasababu mmoja anajibu la ukweli na mwenzake anajibu la hatua, wanapigana saa nzima kumbe hawajakutana. Kwenye kila sura mhariri aseme wazi juu kabisa: hapa tunabishania kipi.

Maswali ninayoyaamini kwa wanachuo wetu ni kama haya. Shule ya bweni inamjenga kijana au inamtoa mikononi mwa watu waliotakiwa kumlea? Jando na unyago viingizwe kwenye elimu ya afya ya uzazi, au viachwe kwa familia na makungwi wao? Mwalimu wa nidhamu anaweza kuwa mwalimu mshauri huyohuyo? (Hili la mwisho wengi wanalidharau mpaka wanapokumbuka shule zao, yule anayeshika fimbo asubuhi ndo huyo unayetakiwa mchana umweleze kinachokuliza usiku.) Mwanafunzi aliyejifungua, ambaye tangu waraka wa Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi wa shule, arudi shule ileile au apewe njia nyingine? Na viboko, ambapo una nchi mbili jirani za kulinganisha: Kenya imevipiga marufuku kwenye Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, Tanzania kanuni za 2002 zinaviruhusu visizidi vinne na mkuu wa shule ndo mwenye kibali. Hapo una mwalimu wa Namanga upande huu na mwenzake wa upande ule, watoto walewale, kabila lilelile, sheria mbili.

Muhula una wiki kama 15. Toa ya utangulizi, toa ya mtihani wa kati, toa ile inayoliwa na sikukuu, unabaki na 12. Sura 12 zinatosha.

Hatua ya 2: Maneno, kabla hujamtafuta mwandishi hata mmoja

Hii watu wanairuka na ndo inawagharimu. Neno "kijana" peke yake linaweza kuua kitabu. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya 2007 inasema kijana ni miaka 15 mpaka 35. Shirika la Afya Duniani wakisema walio kwenye balehe wanamaanisha 10 mpaka 19, na wizara ya afya ndo hao inaowaita "vijana balehe". Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema aliye chini ya 18 ni mtoto. Kwahiyo mwenye miaka 16 ni mtoto, ni kijana, na ni kijana balehe kwa wakati mmoja, na waandishi wako wawili wanaweza kubishana kurasa nane kuhusu "vijana" huku mmoja ana picha ya mtoto wa darasa la saba na mwingine ana picha ya dereva bodaboda mwenye mke.

Sisi tulikubaliana hivi: "balehe" ni mabadiliko ya mwili, "rika la balehe" ni kipindi cha 10 mpaka 19, "ujana" linatumika pale tu mwandishi anapotaja umri kwenye sentensi hiyohiyo. Waandishi walilalamika wiki moja, wakazoea.

Alafu usisahau kwamba lugha yenyewe ina hesabu zake za zamani, na mi naona zina utajiri kuliko hizo za namba. Kigori bado hajavunja ungo lakini yuko mlangoni. Mwali kavunja ungo, kawekwa ndani, anafundwa. Barobaro ni mwanaume aliyepevuka na nguvu zake. Chipukizi ndo kwanza anaanza. Kila neno hapo halikuambii miaka, linakuambia mtu huyu amepita wapi na jamii inamtegemea nini. Hiyo tayari ni sura nzima: utu uzima ni tarehe ya kuzaliwa au ni kitu unachopitishwa na watu? Weka maneno haya ukurasa wa pili wa kitabu, sio kwenye faharasa nyuma ambako hafiki mtu.

Hatua ya 3: Waandishi wawili wawili

Usichukue wawili wa idara moja. Wa idara moja wanatofautiana kwa vitu vidogo ambavyo mgeni havioni. Mchanganye daktari wa watoto na shehe au mchungaji, mwanasheria na mwalimu wa sekondari ya kata, mwanasaikolojia na mtu wa historia.

Sheria yetu kubwa ilikuwa moja, na kama utachukua kitu kimoja tu kwenye mwongozo huu chukua hiki: kabla hujaandika hoja yako, andika aya moja ya hoja ya mwenzako, mpelekee, na yeye ndo aseme "ndiyo, hicho ndo ninachokiamini". Akikataa unaandika tena. Mwandishi mmoja wa upande wa kupinga bweni alirudishiwa mara tatu na mwenzake, mara ya tatu akanipigia akaniambia sasa ndo ameelewa kwamba mwenzake hatetei bweni kwa ajili ya nidhamu, anatetea kwasababu binti anayetembea kilomita saba kwenda shule anakutana na mambo njiani. Sura ile ilibadilika kabisa baada ya hapo, hakuna mtu aliyekuwa anampiga mwenzake ngumi za hewani tena.

Kila upande maneno kama 1,400, majibu maneno 350. Kaza hapo. Ukimwachia msomi atakuletea 4,000 na orodha ya vitabu ndefu kuliko makala.

Hatua ya 4: Sura moja kwa ukaribu

Ngoja niichukue moja niifungue yote. Mada: umri wa kuwajibika kijinai Tanzania upandishwe. Hivi sasa Kanuni ya Adhabu inasema chini ya miaka 10 mtoto hawajibiki, na kati ya 10 na 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba wakati anafanya lile jambo alikuwa na uwezo wa kujua kwamba halifai. Kenya walikuwa na 8, Sheria ya Watoto ya 2022 ikapandisha mpaka 12.

Utangulizi wa mhariri, kurasa mbili, unaanza na tukio na sio tafsiri ya maneno. Watoto watatu, 11, 13 na 16, wamevunja duka la M-Pesa usiku. Mkubwa ndo kapanga, mdogo ndo kapitishwa dirishani kwasababu anapenya. Msomaji tayari anahisi kitu kabla hujamwambia nani kasema nini.

Upande wa kwanza, tupandishe. Hapa mwandishi wa saikolojia ana mali nzuri. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotusaidia kupanga na kujizuia, inaendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu, wakati sehemu za hisia na kutafuta msisimko zinachangamka mapema, balehe inapoingia. Kuna jaribio la 2005 la wanasaikolojia wa Marekani Margo Gardner na Laurence Steinberg, mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta: wa miaka 13 mpaka 16 walipocheza wenzao wakiwa pembeni walijiingiza kwenye hatari zaidi sana kuliko wakiwa peke yao, na wale wa miaka 24 kwenda juu kuwepo kwa wenzao hakukuwabadilisha hivyo. Sasa mrudie mtoto wetu wa dirishani, alikuwa peke yake?

Upande wa pili, tusipandishe, na hapa mhariri uwe macho kwasababu kishawishi ni kumpa mtu dhaifu ili upande unaoupenda ushinde. Hoja yake nzuri hii hapa. Mtaani kwetu mtoto akikamatwa na wananchi wenye hasira kali, mahakama ndo inayomwokoa. Ukisema sheria haimhusu kabisa, na afisa ustawi wa jamii yuko mmoja kwa kata nyingi, nani anampokea usiku ule? Hoja ya pili, ukiweka mstari kwenye 14, yule wa 16 na mjomba wake watatafuta wa 13 wa kumpitisha dirishani. Hoja ya tatu, mwenye duka ni mama mwenye watoto pia, naye anadai asikilizwe. Hizi sio hoja za mtu katili.

Kisha unakuja ukurasa wa ushahidi, na ndo ninaupenda kuliko yote, kwasababu hapa ndo unamwonyesha mwanafunzi kwamba ushahidi uleule unaweza kutumika pande mbili. Tulitumia kisa cha Marekani. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu yao, ile ya mwisho kabisa, kwenye kesi ya Roper dhidi ya Simmons, ilikataza adhabu ya kifo kwa aliyetenda kosa akiwa chini ya miaka 18, kura tano kwa nne, na Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilikuwa kimeiandikia mahakama kueleza kwamba vijana wa umri huo hawajakomaa. Jaji Scalia, aliyepinga, akawarushia swali: mbona chama hikihiki, kwenye kesi ya 1990 kuhusu binti kutoa mimba bila mzazi kujulishwa, kilisema kijana ana ukomavu wa kutosha kuamua? Wengi wakiishia hapo wanasema basi wanasayansi wanageuka kama kinyonga. Lakini 2009 Steinberg na wenzake wakajibu kwa data: kuna kufikiri kwa utulivu, una muda, una mtu wa kukushauri, na uwezo huo unafika wa mtu mzima kwenye miaka 16 hivi. Na kuna kuamua kwenye moto, wenzako wanakuangalia, moyo unadunda, na kujizuia kwenye hali hiyo kunachelewa zaidi, mpaka baada ya 18. Kwahiyo mtu mmoja, siku moja, anaweza kuwa amekomaa zahanati na hajakomaa dirishani.

Wanafunzi wakifika hapo wanarudi wenyewe kwa yule binti wa miaka 15 niliyeanza naye. Wa uuguzi anaanza kuongea na wa sheria. Sijawahi kuona mhadhara ulioleta hicho kitu.

Kazi ya mwisho ya sura: chora jedwali la umri kwa nchi yako, kuwajibika kijinai, kazi nyepesi (Sheria ya Mtoto inasema 14), kupiga kura, kuoa na kuolewa, leseni ya udereva, na ueleze kila namba inadhania nini kuhusu akili ya mtu. Acha wakwazike wenyewe na hilo jedwali.

Hatua ya 5: Ushahidi unatoka wapi

Utafiti mwingi wa balehe umefanyika Marekani na Ulaya, mara nyingi kwa wanafunzi wa huko. Usiutupe, ila kila ushahidi uwe na mstari mmoja mfupi: nani, wapi, lini, watu gani. Mwanafunzi ajizoeze kuuliza "hawa walikuwa wakina nani" kabla hajakubali.

Kwenye sura ya misukosuko kama inatoka mwilini au kwenye jamii kuna kisa ambacho hakichuji. Mwanasaikolojia wa Marekani G. Stanley Hall 1904 alieleza balehe kama kipindi cha tufani. Mwanaanthropolojia Margaret Mead akaenda visiwa vya Samoa 1925, akarudi akasema mabinti wa kule wanavuka kwa utulivu, basi tufani ni ya jamii na sio ya mwili. Mwaka 1983, Mead keshafariki, mwanaanthropolojia mwingine, Derek Freeman, akachapisha kwamba Mead alikosea Samoa. Wengine nao wakamgeukia Freeman. Mpe mwanafunzi hiki kisa alafu muulize: wewe ukienda kuuliza mabinti wa Newala kuhusu unyago, kwanini wakuambie ukweli? Ni swali la mbinu za utafiti na limeingia kichwani bila kuliita mbinu za utafiti.

Hatua ya 6: Sauti za wenyewe

Kitabu cha balehe kisicho na neno la mwenye miaka 14 ni kikao cha wazee kuhusu mtu aliyeko nje ya mlango. Ukurasa mmoja kila sura uwe wao. Ila hapa usikimbie. Ridhaa ya mzazi, na juu yake kukubali kwa mtoto mwenyewe, mtoto akisema hapana mzazi hawezi kumsemea ndiyo. Kama unakusanya kwa njia ya utafiti pitia kamati ya maadili ya chuo chako mapema, na ya afya inaenda NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), inachukua miezi. Ondoa jina, shule, kijiji, na pia ondoa kitu ambacho jirani angemtambua nacho. Tuliwahi kuacha sentensi moja kuhusu baba anayefuga bata mzinga, mtu wa eneo lile akasoma rasimu akasema "huyu namjua". Tuliitoa siku hiyohiyo.

Na warudishie walichosema wakisome kabla hakijachapwa. Mmoja alifuta nusu, akaandika upya, na alichoandika kilikuwa kikali zaidi ya cha kwanza.

Hatua ya 7: Kijaribu darasani kabla ya kiwanda

Sura ambayo haijapita darasani usiichape. Darasa letu lilikuwa kubwa, watu mia na zaidi, viti vya kubanana, kwahiyo usiniambie mambo ya meza za duara. Makundi ya watu sita, wanageuka nyuma na wenzao wa mstari wa pili, watatu kwa watatu. Dakika 90 zinagawanyika hivi: dakika 5 kura ya siri kwenye kikaratasi, 15 kila upande unaandika hoja bora ya wapinzani, 20 mdahalo, kisha wanabadilishana pande 20 nyingine, 20 darasa zima, na 10 za mwisho kura ya pili na aya moja ya kwanini umehama au kwanini umebaki.

Usihesabu nani kashinda, hesabu wangapi wamesogea. Kama asilimia kubwa walianza upande mmoja na wakabaki hapohapo wote, swali lako halina pande mbili au mwandishi mmoja amelegea, rudi hatua ya 1. Kama kila mtu kahamia upande mmoja vilevile kuna mtu umempa silaha kuliko mwenzake.

Kuna jambo la kuangalia kwa macho sio kwa kura: nani ananyamaza. Kwenye darasa lile kuna mtu aliolewa na 16, kuna aliyechapwa mpaka akazimia, kuna mwenye mdogo wake mahabusu ya watoto. Kwao hii sio mada. Weka sheria kwamba hakuna anayelazimishwa kusimulia lake, na mtu anaweza kutoka nje bila kuulizwa. Na mwalimu awe na namba ya mshauri wa wanafunzi mfukoni kabla ya kipindi, asianze kuitafuta mtu anapolia.

Maksi nazo zifuate hicho tunachokitaka. Kwa insha ya 30 mi natoa 10 kwa kueleza upande mwingine kwa haki, 10 kwa kutumia ushahidi, 5 kwa kusema ni kitu gani kingekubadilisha mawazo, 5 kwa kupeleka kwenye kazi yako ya baadae. Hakuna maksi ya kuwa upande sahihi, waambie siku ya kwanza, kwasababu watakutazama usoni watafute unapenda upi ili wakuandikie.

Hatua ya 8: Umbo la kitabu

Tuseme ukweli wa vyuo vyetu: nakala moja iko maktaba, na steshenari ya nje ya geti inatoa kopi za sura moja moja. Kwahiyo tengeneza kitabu cha kutolewa kopi. Kila sura isimame peke yake, jina la kitabu na namba ya sura iwe juu ya kila ukurasa, kwasababu karatasi zitachanganyika. Usitumie rangi kutofautisha pande, kopi itazifuta, tumia upana: upande wa kwanza maandishi yamesogea kushoto, wa pili yamesogea kulia, nafasi iliyobaki pembeni ni ya kuandika. Pande zote mbili ziwe na urefu sawa kabisa, mwanafunzi anapima kwa macho nani kapewa kurasa nyingi.

Viwanda vya uchapaji vinakunja karatasi kubwa kuwa kurasa 16, basi fanya kila sura iwe kurasa 16: utangulizi 2, upande wa kwanza 4, wa pili 4, majibu moja moja, ushahidi 2, sauti za vijana 1, kazi ya darasani 1. Sura 12 ni kurasa 192, ongeza 16 za mbele na 16 za nyuma, kitabu ni 224 na hakuna karatasi nyeupe unayoilipia bure. PDF ya kila sura iwe nyepesi, maana itasafiri WhatsApp kwa bando la mwanafunzi.

Nani aanze, upande wa ndiyo au wa hapana? Badilisha sura kwa sura. Wa mwisho kusemwa ndo anakumbukwa, na ukimweka upande mmoja nyuma sura zote 12 umeshaamua kwa niaba ya msomaji.

Kurasa za nyuma acha nne kwa ajili ya mabadiliko ya sheria, zenye mistari, tupu, na tarehe uliyofunga kitabu imeandikwa juu. Sheria za umri zinabadilika katikati ya muhula. Mwaka tuliofunga rasimu ya kwanza, kabla hatujapeleka kiwandani, sura ya kurudi shuleni ilibidi iandikwe upya kuanzia mstari wa kwanza, na wale waandishi wawili walikaa tena chini, kila mmoja akaanza na ile aya ya hoja ya mwenzake.